Honi ya Mzee Mwakio

Siku garimoshi la zamani lilipofufuliwa ili lipandishe watalii mlimani, mji mzima ulihamia stesheni. Wakesho peke yake alibaki jikoni kwake, sufuria tupu mapajani.

"Bibi, twende basi! Mjukuu wako ndiye dereva, nawe umejikunyata hapa?" jirani alimwita kutoka njiani.

"Tangulia, mwanangu. Mke wa dereva hangoji stesheni."

Jirani akacheka kidogo. Nani asiyejua kwamba marehemu mumewe, Mwakio, alikuwa mtia makaa tu kwenye treni?

Enzi zile kila dereva alikuwa na mlio wake wa honi. Treni ikifika kwenye kona ya mlima, mkewe aliutambua, akabandika maji ya ugali. Mwakio hakuruhusiwa hata kuigusa kamba ya honi. Hiyo ilikuwa ya dereva mzungu. Lakini mlio wake alikuwa nao. Aliupiga kwa mdomo akimbembeleza mjukuu wake: mifupi miwili, kisha mmoja mrefu, unaopanda kama mtu anayeuliza swali.

Sasa mlima ulinguruma. Moshi ukachungulia juu ya migomba, na treni ikaingia konani. Honi ikalia, mfupi, mfupi. Wakesho akatega sikio.

Kisha ule mrefu ukapanda, ukapita mashamba, ukaipita stesheni na watalii wake wote, ukaja mpaka mlangoni pake.

Wakesho akasimama wima, kidevu juu.

"Umechelewa, mzee," akasema, akachochea moto, akabandika maji.