Alichosema Babu

Kwa miaka mingi sasa mzazi hasaini fomu ya chanjo. Anatamka uamuzi na sababu yake kwenye kinasa sauti, na mtoto hupewa rekodi hiyo aisikilize akitimiza miaka arobaini.

Mwanakombo aliketi na mwanawe Shamte kwenye chumba cha chanjo, hana wasiwasi hata chembe na uamuzi wake.

“Mama, hiyo ya HPV si ya wasichana?”

“Virusi havichagui, mwanangu. Wanaume nao huugua saratani inayoletwa navyo.” Akakigeukia kinasa sauti. “Nimekubali. Nampenda huyu.”

Shamte akadungwa.

Njiani akauliza, “Na wewe, babu alisema nini?”

Mwanakombo alitimiza arobaini mwezi Machi. Kwenye rekodi yake alikuwa amemsikia baba yake akicheka: “Binti yangu ana adabu zake, haihitaji chanjo hiyo.”

“Alisema ananipenda,” akajibu, akiishindilia barua yake ya kliniki ya saratani chini kabisa ya mkoba.