Aliyeziba Kalavati

Gunia la tatu lilitoka ndani ya kalavati lililopita chini ya barabara, likivuja matope. Kama mawili ya kwanza, lilikuwa limejazwa mchanga na mdomo wake umeshonwa kwa uzi wa nailoni, mshono wa mtu asiye na haraka.

"Hii si taka iliyosombwa na maji," injinia akasema. "Kuna mtu."

Nyapara wa kikosi cha barabara alilisogeza gunia kando. Alikuwa mama wa miaka hamsini na nane, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kwa kuwa injinia alikuwa na miezi mitano tu kazini, mama huyo alimpa tena somo lake: lami haiuawi na malori, inauawa na maji. Kalavati likiziba, maji ya mtaro hukosa pa kwenda, hujipenyeza chini ya lami na kulainisha kokoto zilizoibeba. Gari likipita, lami inabonyea, inapasuka, shimo limezaliwa. Ukiliziba juu bila kuyapa maji njia, umemvalisha mgonjwa suti.

Shimo hili walishalivalisha suti mara nne. Lilikuwa pana kama kitanda, mbele ya shule ya msingi, chini ya mteremko mkali. Malori yaliyoteremka kwa kiburi yalifika pale yakanywea, yakatambaa, huku watoto wakivuka wameshikana mikono.

Injinia hakuwatazama watoto. Alitazama kibanda cha fundi pancha, hatua kumi kutoka shimoni, na matairi yaliyorundikwa mlangoni. Shimo likila matairi, nani anashiba? Hata asiyesoma angepiga hesabu hiyo.

Fundi pancha aliapa kwa wanawe wote kwamba magunia hayajui. Alikiri kuwa shimo linamletea wateja, maana hakuwa mwongo, na ukweli wake huo ndio uliomponza. Injinia akaagiza tingatinga likisukume kibanda kabla ya saa sita.

Hapo nyapara akaweka sururu chini, akaenda kusimama kati ya tingatinga na kibanda. Dereva, ambaye kazi yote alifundishwa na mama huyo, akazima injini bila kuuliza.

Injinia akamkumbusha kwamba amebakiza miaka miwili astaafu, na kwamba anayemkingia kifua mharibifu naye ni mharibifu. Hasira zikampanda nyapara. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amemeza maneno ya ofisi. Alimeza hata jibu la barua zake tatu za kuomba matuta pale mteremkoni, kwamba barabara kuu haiwekwi matuta. Leo koo lilikataa.

"Kibanda hiki hakiguswi," akasema.

"Mama, usiponipisha nakuandikia barua ya kufukuzwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Andika. Kalamu unayo."

Kikosi kizima kilikuwa kimeacha kazi kinasikiliza. Injinia akasogea karibu, akashusha sauti, akamuuliza kama mtu anayetaka kweli kuelewa. "Una uhakika gani kwamba si yeye?"

Nyapara akamtazama usoni.

"Barabara hii ilipokuwa nzuri, malori yaliua watoto watatu hapa, na wa tatu alikuwa mjukuu wangu. Magunia niliyasukuma humo mimi, kwa mikono hii, na tangu siku hiyo hajagongwa hata mmoja. Nifukuze ukitaka, mwanangu, lakini mpaka uweke matuta, magunia nitayarudisha."