Mkate wa Gisiri

Mashine ilinguruma saa tatu nzima, ikalia kengele yake, na Bhoke alipofunua kifuniko akakuta unga juu, maji chini, kama majirani waliokosana. Hii ilikuwa mara ya nne. Akapiga teke mguu wa meza, akaumia kidole, hasira ikazidi.

Mashine hiyo ya kuoka mkate ililetwa na dadake Dorine kutoka Ujerumani, pamoja na kitabu cha Kijerumani ambacho Bhoke alitazama picha zake tu, tena za kurasa mbili za mwanzo. Cha kuudhi ni kwamba mkate wa kwanza, wiki mbili zilizopita, ulikubali! Uliumuka vizuri, ukang'ang'ania chomboni mpaka akaung'oa kwa nguvu. Akaufunga kwa kitambaa ungali moto, akatoka Suna mbio hadi Homa Bay, kwenye rumande alimokuwa mumewe Gisiri tangu Februari kwa ng'ombe wanne ambao hakuwaiba.

Askari wa langoni alikata pande la juu, akalila lote, akaruhusu mkate upite. Gisiri aliponusa tu, machozi yakamlengalenga.

"Niletee mwingine, Bhoke," alisema. "Hapa nitaozea."

Wageni waliruhusiwa Jumatano tu. Na Jumatano iliyofuata Bhoke alikuwa na habari tamu kuliko mkate wowote: wakili wao alisema mlalamishi ameondoa kesi, na Alhamisi ya wiki inayokuja Gisiri angerudi nyumbani; akamwachia Bhoke amweleze mumewe. Lakini aliapa kwamba habari kama hiyo haipelekwi mikono mitupu. Mashine ikamgomea kutwa nzima, magari yakaondoka, jua likatua yeye bado ana unga mpaka kwenye nyusi. Hakwenda. Alijitukana wiki nzima.

Sasa fundi Onyango aliifungua mashine, akaifunga.

"Mama, hii mota ni mzima kabisa. Lakini inazungusha nini? Hapa kwa picha kuna kachuma ka kukanda unga. Yako iko wapi?"

Bhoke akatazama picha. Kweli, kilikuwepo kijichuma bapa kama pezi la samaki, katikati ya chombo. Chake hakikuwepo. Moja kwa moja akamfikiria Elkana, mdogo wa Gisiri, aliyelala sebuleni kwake na kuuza vyuma vikuukuu sokoni.

"Shemeji, kachuma kama hako nitauzia nani?" Elkana aliuliza.

"Toka kwangu! Ndugu yako anateseka ndani, na wewe unamnyima hata mkate!"

Elkana akakunja blanketi lake, akaenda zake Kegonga bila kuaga.

Jumatano Bhoke alinunua mkate wa dukani, mwepesi na usio na ladha, akaubeba kwa aibu. Haidhuru. Kesho Gisiri angekula nyumbani, na leo angalau angejua.

Langoni hawakumpeleka kwa mumewe. Sajini mmoja alimwingiza ofisini, akampa kiti, mpole ajabu.

"Mama, ile mkate uliletea bwana yako ilikuwa tamu sana. Nani alipika?"

Bhoke alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Aitaje mashine? Mashine iliyomtesa namna ile haikustahili sifa.

"Ni mimi. Kwa hii mikono yangu."

"Hakuna mtu alikusaidia?"

"Hakuna. Kila kitu kilikuwa ndani, niliweka mimi."

Sajini akayaandika maneno hayo taratibu, akamgeuzia karatasi. Bhoke akatia sahihi, akafungua mdomo aulize mumewe ataletwa saa ngapi, maana ana habari njema.

Sajini alikuwa amevuta mtoto wa meza. Akatoa kijichuma bapa kama pezi la samaki, akakiweka mbele yake. Makombo ya mkate yalikuwa yamekauka kwenye tundu lake, na ukingo mmoja ulikuwa umenolewa kwenye saruji mpaka ukang'aa.

"Tumemshika jana, mama. Kwa ukuta alikuwa amebakisha tofali moja tu."