Kuku wa Uvunguni

Tarehe 9 Julai 2071, Lushoto. Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi kali.

Nilimaliza masomo ya jioni nikiwa na miaka hamsini na nane, na leo nilipewa kesi yangu ya kwanza ya uchunguzi wa vifo. Nilipiga magoti, nikamwomba Mungu macho ya kuona.

Kwa sheria yetu, mtu ambaye chanzo cha kifo chake hakijajulikana huhesabiwa kuwa bado yu hai. Mzee Shekiango alikuwa kwenye jokofu la maiti la wilaya, lakini mlango wa nyumba yake, uliotengenezwa kusalimia wenyeji, uliendelea kumwamkia kila siku, na mkewe, Mama Nyange, alilazimika kumpakulia chakula.

"Nataka kumzika tu, baba," aliniambia. "Nimechoka kukipakulia kiti kitupu. Hata kuku wangu aliyekuwa akiatamia uvunguni mwa kitanda chake alikufa usiku uleule."

"Kuku? Mbona hukusema?"

"Sasa kideri cha kuku nacho kinachunguzwa?"

Shemeji zake walioketi nasi mezani walicheka. Mimi niliingia chumbani, nikainama uvunguni, nikakuta majivu.

"Haleluya! Nimepata!" nilipaza sauti. "Ni hewa ya mkaa! Imewaua wote wawili! Nani aliingiza jiko chumbani?"

Mama Nyange aliitazama sahani ya mumewe.

"Alikuwa anatetemeka kwa baridi," alisema.

Kicheko kilikatika. Kilichobaki ni kiapo changu, ndipo nitangaze chanzo. Niliinua mkono.

"Mbele za Mungu na mbele yenu, naahidi kusema ukweli wote, na nikishausema, sitamwacha mama huyu peke yake."