Kokoto Chini ya Jiwe

Pale katikati ya mji, kila mtalii alikuwa akitazama juu, kwenye matao ya uwanja wa michezo wa Warumi wa kale. Shekuwe, fundi mwashi aliyeacha kazi mikono ilipoanza kutetemeka, alikuwa amepiga magoti.

"Baba, tazama juu!" bintiye Ruzuna alimwambia.

"Njoo uone hapa kwanza."

Kati ya mawe mawili makubwa palikuwa na kokoto iliyochomekwa ili jiwe la juu lisicheze.

"Hata mimi nilikuwa nafanya hivi hivi," alinong'ona. "Miaka elfu mbili, mwanangu, na halijacheza!"

Akalishika jiwe kwa mikono miwili, akatulia, kana kwamba anamshikia fundi mwenzake aliyekwenda mara moja kuchota chokaa.