Mpira Mwekundu na Mpira wa Bluu

Mpira mwekundu uliukaribia ule wa bluu, ukaukosa kwa upana wa kidole, ukatokomea nje ya skrini ya kompyuta ya Quincy.

"Amempita kama hamjui," mama alisema kutoka kwenye kochi, bila kuacha kufuma.

"Nimeongeza nguvu ya kuvutana, Mathe. Ndiyo maana anapitiliza."

"Basi punguza. Nani hukimbilia mtu namna hiyo? Na huyo wa bluu ana kiburi, lakini si kiburi kibaya. Mpe muda."

Quincy aliandika kwenye daftari: *wa bluu, muda*. Alikuwa amemwambia mama kwamba kuna maharusi wa Milimani wanaotaka video ya mipira miwili inayozungukana, inasitasita, kisha inagusana, na kwamba kazi hiyo ilihitaji jicho la mtu mzima.

Hakukuwa na maharusi. Kulikuwa na picha mbili za siku aliyohitimu chuo: moja akiwa na mama upande huu wa uwanja, nyingine akiwa na baba upande ule. Quincy alitaka picha moja ya wote watatu.

Miaka miwili ilikuwa imepita tangu baba, Mzee Odero, astaafu kazi ya reli, akanunua shamba Longonot na kuhamia huko. Akoth, mkewe, alikataa kuondoka mtaa wa Shabab mjini na kuacha wateja wake wa sweta. Hawakupigiana kelele. Kila mmoja alikaa tu akisubiri mwenzake apige simu kwanza.

"Hiyo ni ya nani?" Quincy aliuliza. Sweta ilikuwa ya kijani, pana kama blanketi.

"Ya mteja. Ana kifua kipana, huyo." Mama aliigeuza. "Uzi wa kijani umeniishia. Mkono wa kushoto nitaumalizia na manjano. Hatajali."

Nje jogoo wa mama aliwika. Saa kumi na nusu alasiri. Jogoo yule hakuwahi kujua saa, na majirani walishachoka kulalamika.

Jioni Quincy alimtumia baba video ileile na hadithi ileile ya maharusi. Kesho yake alasiri, akiwa kazini studioni, alipata jibu la sauti.

"Quincy, niko hapa Longonot, baridi si mchezo. Nimeona kazi yako. Huyo mwekundu ni mtu wa heshima, mbona unamkimbiza hivyo? Na yule wa bluu asisimame kama nguzo ya stima. Naye asogee kidogo."

Nyuma ya sauti yake jogoo aliwika. Quincy alicheka. Kumbe hata Longonot wapo wasiojua saa.

Aliipunguzia mipira kasi, akaiongezea muda. Bado ilipitana. Wachuka, mwenzake wa meza ya kazi, alivuta kiti.

"Niaje boss. Hapa katikati umeficha nini?"

"Kitu kisichoonekana. Kinawavuta wote wawili, na mtazamaji hajui."

"Lakini hawa tayari wanavutana wenyewe. Uliwaseti siku ya kwanza, ukasahau. Wewe sasa unawasumbua tu." Alikizima kile kitu kilichofichwa.

Mipira ilijongeleana polepole, ikazungukana mara moja, ikagusana na kutulia.

"Si unaona?" Wachuka alisema.

Jumamosi Quincy aliwaita wazazi wake studioni, kila mmoja kivyake, eti maharusi wanasubiri maoni ya mwisho. Hakumwambia yeyote kwamba mwenzake angekuja. Alisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akafuta kioo chake mara nne.

Mama alifika saa nane. Baba aliingia dakika tano baadaye, koti limefungwa hadi shingoni, akasita mlangoni.

"Habari yako, Mama Quincy."

"Nzuri. Safari ya Longonot?"

"Ndefu."

Walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Quincy alibonyeza kitufe, na mipira ikajongeleana, ikazungukana, ikagusana. Wachuka alijifanya kutafuta kalamu chini ya meza.

"Wamependeza," baba alisema hatimaye.

"Sana," mama alisema. "Hao maharusi watafurahi."

"Kabla hamjaenda," Quincy alisema, "naomba picha. Moja tu. Sisi watatu."

Walisimama, mmoja huku, mwingine kule, yeye katikati. Wachuka alijipanga nyuma ya kamera. Taa za studio zilikuwa kali, na jasho lilianza kumtoka baba kwenye paji la uso.

"Hapa kuna joto, jameni," baba alisema, akaanza kufungua vifungo vya koti.

Mama alimtolea macho kumzuia. Alichelewa. Koti lilianguka kwenye kiti, na ndani baba alikuwa amevaa sweta ya kijani, pana kama blanketi, mkono wa kushoto ukiishia kwa uzi wa manjano.