Namba Thelathini na Saba

Kalamu nyekundu ya Mwalimu Mkuu ilisimama kwenye mstari wa mwisho wa orodha.

"Huyu thelathini na saba asije shuleni siku ya mtihani."

Mwalimu wa Kiingereza aliitazama ile namba. Ilikuwa Ijumaa, na mtihani wa kitaifa wa kusoma ulikuwa Jumatatu. Majaribio yalisahihishwa kwa namba. Majina alikuwa nayo mwalimu huyo peke yake.

"Mkuu, mtoto huyu anajua kusoma kuliko wote. Kinachomshinda ni hivi visanduku vya kuchagua jibu. Mpe ukurasa mtupu uone anavyoandika."

"Ukurasa mtupu hauna alama. Wastani ukishuka tena, mimi na wewe tunatafuta kazi nyingine."

Mwaka wa pili sasa vitabu vya hadithi vilikuwa vimefungiwa kabatini. Vipindi vya Kiingereza vilikuwa mbinu tupu: anza na maswali, futa majibu mawili, bahatisha yaliyobaki. Darasa zima lilizishika, isipokuwa thelathini na saba. Yeye alisoma kifungu chote kwa raha zake, akaandika pembeni kwa nini mjane wa kwenye kifungu hakustahili kufukuzwa, na muda ukamwishia hapo.

"Na mzazi wake ataambiwa nini?"

"Ukweli. Nenda kwake leo hii. Atalia, atabembeleza, wewe ziba masikio. Mtoto mmoja hawezi kutuzamisha sote."

Jina lilimfika mwalimu kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Nitakwenda," alisema.

Jioni alishika njia, karatasi ya majibu mkononi. Mlangoni alisita. Alikuwa na watoto wawili wa kuwalisha, na barua ya uhamisho haichukui hata nusu saa kuandikwa. Akagonga.

Alifungua msichana, kidole kimebanwa katikati ya kitabu.

"Shikamoo, mwalimu." Aliiona karatasi, uso ukamsawijika. "Nimefeli tena?"

"Marahaba, mwanangu. Niitie baba."

Baba alitoka jikoni akijifuta mikono kwa taulo. Alipomwona mgeni alimwashiria binti aingie ndani, akashusha sauti.

"Vipi, mwalimu? Umeshaonana na yule mzazi?"

"Ndiyo kwanza naonana naye, Mkuu."